Leonardo, mkono wa kushoto na barua za Bibi

Mimi ni mashoto. Mliolelewa kama mimi mshaelewa: likizo Mombasa, kila nikishika kijiko kwa kushoto, Bibi ananichapa mkono. "Kwa kulia, mjukuu wangu!"

Basi juzi naandaa kipindi chetu cha Leonardo da Vinci, kumbe naye mashoto. Alizaliwa 1452, Italia, wazazi hawajaoana. Hakusomeshwa Kilatini, lugha ya wasomi wa enzi zile. Aliwekwa kwa fundi Verrocchio, Florence, ajifunze sanaa. Michoro yake mnaijua, na mmoja uko hapa hapa Trafalgar Square, National Gallery: Bikira Maria kwenye miamba. Kazi hiyo iliagizwa Milano 1483, wakagombania malipo, na mambo hayakwisha mpaka 1508. Mashine zake za kurukia ndiyo kabisa, zilibaki karatasini.

Ila mimi nimenasa kwenye daftari zake. Tano ziko South Kensington, Victoria and Albert Museum, zimejalidiwa juzuu 3: mashine za maji, miguu ya farasi, hata kofia. Nilizitazama kwenye simu usiku, sikuweza kusoma hata neno. Jamaa aliandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zimegeuzwa, mpaka ushike kioo. Wengine husema alikuwa anaficha siri. Mimi siamini. Muulizeni mashoto yeyote: ukiandika kawaida, kiganja kinafuta wino.

Na kuna daftari moja Milano lina orodha ndefu za maneno ya kisomi yenye asili ya Kilatini. Mtu mzima, fundi mwenye jina, anajikusanyia msamiati! Hapo nilijiona mwenyewe, na daftari langu la ngeli.

Maana Bibi alikuwa akimwandikia Mama barua hapa London, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Anayezisoma nyumbani ni Mama tu, na macho yake sasa yamechoka. Kwa hiyo Jumapili tulikaa mezani, alifu, be, te. Nikashika kalamu ya wino kwa kushoto. Mama akafungua mdomo anikanye.

Nikaandika jina la Bibi. Mkono unatangulia, wino unabaki nyuma. Karatasi safi, kiganja safi.

Mama akatazama, akasema, "Haya, andika na la babu yako."