Kabla ya Sufuria ya Stima Kulikuwa na Kikapu cha Shosho

Wasee, tangu niweke ile video ya supu ya mifupa na makaroni, swali ni moja tu: nimetoa wapi pesa ya ile sufuria ya stima inayopika polepole? Sina. Ile kitu mliona nyuma yangu, imefunikwa blanketi, ni kikapu, na ndani kulikuwa na sufuria ya kawaida ya bati. Na kabla mtu aandike ati huo ni ushamba, kaa hapo kidogo. Nilikuwa nasoma historia chuoni kabla karo inishinde mwaka wa pili, kwa hivyo somo la leo ni la bure.

Tuanze na hiyo sufuria ya stima yenyewe, juu wengi wetu tunadhani ilizaliwa kwa jikoni ya matajiri. Mwenye aliitengeneza ni Mmarekani anaitwa Irving Naxon, na alipata hataza yake mwaka 1940. Aliiita Naxon Beanery, kumaanisha kitu ya kupikia maharagwe. Wazo lilitoka kwa mama yake. Mama alikuwa amemsimulia vile watu wa kwao, Vilnius huko Lithuania, walikuwa wanapika chakula cha Sabato. Wayahudi hawawashi moto kuanzia Ijumaa jua likizama. Kwa hivyo kila familia ilikuwa inatayarisha sufuria ya maharagwe, nyama na mboga, inaitwa cholent, inapelekwa kwa tanuri ya mwoka mikate mtaani. Mikate imeshatoka, moto umezimwa, lakini tanuri bado ni moto. Sufuria inalala humo usiku kucha. Jumamosi unaichukua chakula kimeiva, na hakuna mtu amegusa kiberiti.

Naxon alichukua hilo wazo akaliweka stima. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ilinunua biashara yake, na 1971 wakaitoa upya ikiitwa Crock-Pot. Iliuzwa vibaya sana, juu wanawake wengi Marekani walikuwa wanaenda kazini na walitaka kurudi jioni wapate chakula tayari. Lakini msisahau ilianzia wapi: watu wa kawaida, tanuri ya kuazima, na maharagwe.

Sasa rudi Kabiria. Mimi na mathe tunaishi kwa keja ya chumba kimoja. Mwaka jana, mvua ya Aprili, gesi iliisha kabla mwezi uishe. Mathe alikuwa ameloweka mahindi na maharagwe, na githeri haingoji mshahara. Akawasha jiko nje, mvua ikazidi, akaliingiza ndani. Kulikuwa na baridi, akafunga dirisha. Tukalala githeri ikiiva taratibu kando ya kitanda.

Niliamka saa tisa usiku kichwa kikinipasuka. Nikamwita mathe, kimya. Nikamtingisha, kimya. Sijui nilitoa nguvu wapi, lakini nilifungua mlango nikamburuta hadi kwa koridoo nikipiga nduru. Majirani wakatoka, mmoja akatoa jiko kwenye mvua. Baada ya muda mathe alikohoa, akaniuliza mbona nimemtoa nje na kamisi.

Hiyo ni kaboni monoksaidi. Makaa yakiwaka bila hewa ya kutosha huitoa, na haina rangi wala harufu. Haikuwashi macho kama moshi wa kuni. Inakulaza tu. Na jiko letu halikuwa na kasoro. Lilikuwa lile lenye kiuno, bati nje na udongo ndani. Hilo nalo lina historia yake: miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981, wataalamu wa hapa wakiwemo Maxwell Kinyanjui waliangalia jiko la ndoo la Thailand, wakalibadilisha lifae sufuria zetu, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakalitengeneza kwa wingi. Limeokolea familia nyingi makaa. Lakini makaa ni makaa, na chumba kilichofungwa ni chumba kilichofungwa.

Asubuhi mathe alimpigia shosho Murang'a. Shosho alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja: "Na kile kikapu niliwapea?"

Kikapu kilikuwa chini ya kitanda. Nilikuwa naweka viatu ndani.

Shosho alikisuka miaka ya 1990 wakiwa na chama chao cha wanawake. Kikapu kikubwa, ndani kimepangwa matambara na blanketi kuukuu, juu ya hapo karatasi ya nailoni, na mto wa kufunika. Siri yake ni rahisi. Chakula kikishachemka hakihitaji moto mwingi zaidi, kinahitaji joto lisitoroke. Makaa mengi tunayochoma usiku yanarudisha tu joto lenye limetoroka. Ukizuia joto kutoka, hauhitaji makaa. Waingereza walifanya hivyo wakati wa vita vya dunia, wakiwa na mgao wa mafuta na makaa: sanduku limejazwa nyasi kavu, sufuria katikati. Mwaka 2008, Afrika Kusini ikiwa na shida ya stima kupotea, Sarah Collins alianzisha Wonderbag, mfuko wa kitambaa wenye kazi ile ile. Leo mfuko kama huo unauzwa kwa mtandao kama uvumbuzi. Mimi nilikuwa nao bure, na nilikuwa nauonea aibu juu ulinikumbusha ushago.

Basi hii ndiyo supu. Dagoretti Market iko karibu na machinjio yake ni maarufu, kwa hivyo mifupa sio shida. Loweka maharagwe usiku, mwaga yale maji. Chemsha mifupa na maharagwe kwa maji mapya yakitokota kwa nguvu, dakika 30 hivi. Usiruke hapo, hasa kwa maharagwe mekundu: yana sumu yenye haiishi kwa joto la polepole, lazima yatokote kweli, angalau dakika kumi. Ongeza kitunguu, nyanya, karoti, dania na chumvi. Funika, toa kwa moto, weka kwa kikapu haraka, funika na mto. Masaa manne au tano, na usifungue kuchungulia. Kisha rudisha kwa moto ichemke vizuri, ndio uweke makaroni, dakika kumi. Ukiyaweka mapema utapata uji.

Na msiniambie makaroni ni ya wazungu. Watu wa Pwani wamekula tambi za sukari na iliki miaka na mikaka. Wasomali walipata pasta chini ya utawala wa Waitaliano, wakaiita baasto, na leo ukienda Eastleigh utaletewa na ndizi kando. Chakula kikishakaa kwako vya kutosha, kinakuwa chako.

Hapo ndipo nina shida na sisi vijana wa mtaa. Kitu kikitoka kwa shosho tunakiita umaskini, kikirudi na waya na kibandiko cha bei tunakiita maisha mazuri. Mimi ujinga huo ulikaribia kunigharimu mathe. Sisemi mtupe gesi. Nasema gesi iwake dakika 40 badala ya masaa matatu, na jiko lisilale ndani ya nyumba, hata kama kunanyesha mawe.

Ukiwa na shosho bado yuko, mpigie leo umuulize walikuwa wanaivisha njahi na nini. Wangu ameahidi kunifundisha kusuka kingine Disemba, juu jirani yule alitoa jiko kwenye mvua anataka chake. Viatu vyangu siku hizi viko kwa katoni.