Mchezo Bila Karatasi: Kundi la Mufwankolo, Lubumbashi

Wengi wanafikiri kama mtunzi wa mchezo ni mtu anayekaa na kalamu, anaandika mambo aliyoyaona, kisha wengine wanayakariri. Kwetu Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilifuata njia ingine. Redio na televisheni zilileta michezo yao ndani ya nyumba za watu, lakini mchezaji hakupewa maneno ya kukariri. Walipatana kwanza juu ya hadithi: nani ni nani, ugomvi unaanzia wapi, unaisha namna gani. Yale mengine kila mmoja aliyatoa katika maisha yake. Mwenye kucheza bibi aliyekasirika, nani atamuandikia hasira? Anaijua tangu nyumbani.

Mchezo tunaoujua zaidi ni ule wa 1986, juu ya Johannes Fabian, mtaalamu wa mila za watu aliyekuwa amefundisha zamani kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Siku moja mezani alipewa firigisi ya kuku, ile nyama ya kumuheshimu mkubwa. Yeye akataka kuigawanya. Akaambiwa kama ukubwa unaliwa mzima. Alipouliza maana yake, Mufwankolo na wenzake wakaamua kuutengenezea ule msemo mchezo.

Walibishana kwanza, na kila mmoja alileta maana yake. Mabishano yale ndiyo yalikuwa kalamu yao. Ikatoka hadithi ya sultani na watu wa mugini wake. Waliijaribu mjini, wakaenda kuicheza Kawama, kijiji cha karibu na Lubumbashi, na televisheni ikaionyesha.

Tukumbuke ni wakati gani. Inchi iliitwa Zaire, chama kilikuwa kimoja tu, MPR, na Mobutu alikuwa juu tangu 1965. Kusema habari ya ukubwa mbele ya watu haikuwa kitu cha kuchekesha. Lakini sultani wa mchezo ni sultani wa mchezo tu. Kila mtazamaji aliweza kumtafutia jina ndani ya roho yake. Naona hapo ndipo ufundi wao ulipokuwa: jambo la mtu mmoja liliingia katika mabishano ya wote, likatoka bila mwenyewe wa kukamatwa.

Mwaka wa 1990 Fabian alitoa kitabu, na ndani yake maneno ya mchezo ule yameandikwa kwa Kiswahili chetu, vile wachezaji walivyoyasema, pamoja na Kiingereza. Michezo yao mingine mingi ilibaki tu katika masikio ya wale walioisikia.