Utalii wa Kigoma na Ujiji
Utalii wa Kigoma na Ujiji ni shughuli za matembezi na mapumziko katika miji hiyo ya ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, magharibi mwa Tanzania. Ujiji, kituo cha zamani cha misafara ya pembe na watumwa, una makumbusho chini ya miembe, mahali mwandishi wa habari Stanley alipokutana na mvumbuzi Livingstone mwaka 1871. Kigoma ilikua zaidi baada ya reli kufika mwaka 1914. Huko wageni hupanda boti kwenda kuwaona sokwe wa Mahale au wa Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, ambako Jane Goodall alianza utafiti mwaka 1960. Kivutio adimu kuliko vyote ni meli Liemba: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924.