Lugha Kutoka Vinywani mwa Wenyewe

Msomaji wangu, huenda umepata kujifunza lugha ya kigeni kitabuni, ukazijua kanuni zake zote, kisha siku ulipokutana na mwenye lugha ulimi ukawa mzito. Jambo hilo liliwasumbua wengi kabla yako.

Katika mwaka 1887 kilifunguliwa mjini Berlin, Ujerumani, chuo cha lugha za Mashariki. Kiswahili kilifundishwa humo, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Wanafunzi walioazimu kwenda huko walihitaji lugha ya barazani na sokoni. Sarufi humwonyesha mtu ngeli za majina, lakini haimwambii mgeni apige hodi namna gani, wala mdai amkabili mdeni wake kwa maneno gani.

Kwa hiyo, pamoja na walimu wa Kijerumani, waliajiriwa Waswahili wenyewe. Mnamo 1900 alifika Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Aliandika kwa lugha yake habari za uzazi, malezi, harusi, ngoma, biashara na mashtaka. Profesa Carl Velten alizikusanya pamoja na za wengine, zikapigwa chapa mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Hizo hazikuwa sentensi zilizobuniwa ili kuthibitisha kanuni; yalikuwa maneno ya mtu asimuliaye mambo ya kwao. Naye mwenyewe alikuwako chuoni, wanafunzi wakamsikia akitamka.

Lakini sikiliza yaliyomfika. Mwaka 1905 Mtoro alisafiri kurudi kwao pamoja na mke wake, Mjerumani. Walipofika Dar es Salaam, serikali ya kikoloni iliwakataza kushuka pamoja. Ikambidi arudi Ujerumani, akafa Berlin mwaka 1927. Dola iliyoyataka maneno yake haikumtaka yeye.

Basi nawe, ujifunzapo lugha ya jirani, ikiwa ni Kiluo, Kisomali au Kifaransa, usikae na kitabu peke yake. Msikilize muuzaji akipatana bei, wazee wakiamkiana, mtangazaji akisoma habari redioni. Yaige waliyoyasema, ukosee, usahihishwe, useme tena. Na ukisha kuokota maneno katika kinywa cha mtu, usisahau kumpa heshima mwenye kinywa, kwani ni mwalimu wako.