Shoka Lililoulinda Msitu

Mgeni anayefika Uingereza akitokea pwani za joto huudhania msitu wa huko kuwa ni kazi ya maumbile peke yake. Huiona mialoni mikubwa, huusikia ukimya wake, akasema moyoni kwamba hapa mkono wa binadamu haujagusa kitu. Msitu wa Epping, ulioanzia kwenye vitongoji vya kaskazini mashariki ya London na kuingia mkoa wa Essex, unamsahihisha mgeni huyo kwa upole. Ni kitabu kilichoandikwa kwa shoka, na walioishika mipini ya mashoka hayo walikuwa maskini wa vijijini, ambao wengi wao hawakuacha hata jina.

Kuufikia si kazi. Treni ya chini ya ardhi, ambayo huku nje ya jiji hupita juu ya ardhi, humfikisha msafiri Loughton, na kwa mwendo mfupi wa miguu anakuwa chini ya miti. Msitu una ukubwa wa hekta zipatazo 2,400. Kuna mialoni, kuna biichi wenye gamba laini la rangi ya kijivu, na kuna hombimu, ambao jina lake la Kiingereza lina maana ya mti mgumu kama pembe. Yote hii ni miti ya kupukutisha. Mbuyu wetu huvua majani kwa kuhofia ukame. Hii huyavua kwa sababu ya baridi na uhaba wa mwanga. Mwezi Oktoba biichi hugeuka rangi ya shaba, Novemba njia zote hufunikwa, na ifikapo Desemba msitu mzima husimama uchi, kila tawi likionekana dhidi ya mbingu.

Huo uchi ndio unaofaa kuchaguliwa na mwenye kutaka kusoma historia. Hapo ndipo umbo la ajabu la miti ya Epping linapojidhihirisha. Shina ni fupi na nene, limejaa vinundu na mashimo. Kisha, kwa kimo kinachozidi kidogo kimo cha mtu, linapasuka ghafla na kutoa matawi mengi manene yanayopanda juu pamoja, mfano wa vidole vya kiganja kilichofunuliwa. Miti mikongwe ya namna hii imo zaidi ya 50,000. Haikuzaliwa hivyo. Ilipogolewa, ikaachwa ichipue, ikapogolewa tena baada ya miaka kadhaa, karne baada ya karne. Kimo cha kukatia nacho kilikuwa na hekima yake: ng'ombe na kulungu walizurura msituni, na laiti mti ungekatwa karibu na ardhi, machipukizi yangeliwa yote. Kwa hiyo mkataji alikata juu ya midomo ya wanyama. Kuni zikapatikana, malisho yakabaki, na mti ukaishi. Mti unaopogolewa kwa zamu huweza kuishi miaka mingi kuliko ule ulioachwa ukue wenyewe.

Kisheria, msitu huu ulikuwa wa mfalme. Katika Uingereza ya zama za kati, eneo kuitwa msitu wa kifalme maana yake ni kwamba mawindo yake yalikuwa ya mfalme, hata kama ardhi ilikuwa na wenyewe. Mnamo 1543 Mfalme Henry VIII alijengewa huko Chingford jukwaa la kutazamia mawindo, na jengo hilo la mbao lingaliko hadi leo. Lakini chini ya haki ya mfalme na milki ya makabaila kulikuwa na haki za wanyonge: kulisha ng'ombe, na kukata kuni za kujikinga na baridi. Huko Loughton haki ya kupogoa ilianza usiku wa manane wa kuamkia tarehe 11 Novemba na kukoma tarehe 23 Aprili, muda ambao miti haina majani. Wenyeji waliamini kwamba wasipolikata tawi la kwanza usiku huo, haki yenyewe ingepotea. Ndiyo maana walikusanyika gizani katika kilima cha Staples Hill, mashoka mikononi, wakaungojea usiku wa manane.

Karne ya 19 ilikuja na tamaa mpya. London ilikuwa ikipanuka, ardhi ikapanda bei, na makabaila wakaanza kuzungushia ua sehemu za msitu ili waziuze zijengwe. Mwaka 1851 Bunge lilikwisha kuuondolea msitu jirani wa Hainault hadhi yake ya kifalme, na sehemu yake kubwa ikafyekwa na kugeuzwa mashamba. Epping ikawa inaingojea zamu yake.

Wapenzi wa ushairi wana sababu ya pekee ya kusimama hapa kidogo. Mwaka 1837 mshairi John Clare aliletwa High Beach, katikati ya msitu huu, katika hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoendeshwa na Dk. Matthew Allen. Clare alizaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Helpston, mwana wa kibarua, na alikuwa kijana pale sheria ya mwaka 1809 iliporuhusu ardhi ya pamoja ya kijiji chao igawanywe na kuzungushiwa ua. Msiba huo uliingia katika ushairi wake na haukutoka. Mnamo Julai 1841 alitoroka High Beach, akatembea kwa miguu kurudi kwao, safari ya kilomita zipatazo 130, njaa ikamlazimisha kula nyasi za kando ya njia. Msitu aliouacha nyuma ulikuwa karibu kufikwa na balaa lile lile lililoikumba Helpston.

Huko Loughton kabaila alikuwa John Whitaker Maitland, ambaye pia alikuwa kasisi wa kanisa la hapo. Katika miaka ya 1860 alizungushia ua zaidi ya ekari 1,000. Mzee mmoja kibarua, Thomas Willingale, hakukubali. Husimuliwa kwamba wenyeji walialikwa karamu usiku ule wa Novemba ili walewe, wapitwe na saa ya kukata, na kwamba Willingale alitoka, akakata tawi lake, akarudi nalo mezani. Kisa hicho huenda kimepambwa na wasimulizi. Yaliyofuata yamo katika kumbukumbu. Mwaka 1866 mwanawe na jamaa zake wawili walitiwa gerezani kwa kosa la kukata matawi. Chama cha kulinda ardhi za pamoja, kilichoanzishwa London mwaka 1865, kilimsaidia mzee kufungua kesi, lakini mwaka 1870 Willingale alifariki, na kesi ikafa pamoja naye.

Ushindi ulikuja kwa mlango ambao hakuna aliyeutazamia. Halmashauri ya Jiji la London ilikuwa imenunua ardhi huko Aldersbrook, pembezoni mwa msitu, ili kuzikia wafu wake. Ardhi hiyo iliambatana na haki ya kulisha mifugo katika msitu mzima. Kwa haki hiyo ya ng'ombe, na kwa fedha ambazo kibarua asingeziota, Jiji liliwashtaki makabaila mwaka 1871. Mwaka 1874 Jaji George Jessel aliamua kwamba nyua zote zilizowekwa tangu 1851 zilikuwa kinyume cha sheria. Sheria ya mwaka 1878 ikaukabidhi msitu kwa Jiji, uachwe wazi milele kwa mapumziko ya umma, na tarehe 6 Mei 1882 Malkia Victoria akafika High Beach kuukabidhi rasmi kwa watu.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kutua. Sheria hiyo hiyo iliyouokoa msitu ndiyo iliyoifuta haki ya kupogoa. Watu wa Loughton walilipwa fidia ya pauni 7,000, ambazo 6,000 kati yake zilijenga ukumbi wa mji, Lopping Hall, uliofunguliwa mwaka 1884. Waliopigania kuni wakapewa ukumbi. Waliofungwa kwa ajili ya tawi wakawa watalii katika msitu wao. Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Safari hii tembo mmoja alikuwa mwema, na nyasi ziliumia vile vile.

Miti nayo iliumia. Matawi ambayo shoka lilikuwa likiyapunguza kila baada ya miaka kadhaa yaliachwa yanenepe kwa zaidi ya karne moja. Kivuli kikazidi, maua ya chini yakafifia, na mashina ya kale yakaanza kupasuka kwa uzito. Hata namna ya kuyatunza ilizua ubishi: mwaka 1895 William Morris, mshairi na fundi aliyezaliwa Walthamstow na kuujua msitu huu tangu utotoni, aliandika magazetini kupinga jinsi hombimu walivyokuwa wakikatwa. Katika miongo ya karibuni wasimamizi wamerudia kupogoa baadhi ya miti, na ng'ombe wa pembe ndefu wamerudishwa kwenye malisho. Elimu ya leo imewapa haki, kwa kuchelewa sana, wale waliokuwa wakienda Staples Hill gizani.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Jiji la London lastahili shukrani, kwani pasipo mahakama Epping ingekuwa mitaa ya nyumba. Lakini uzuri ambao mahakama iliuokoa ulikwisha kutengenezwa na watu wasiokuwa na hati wala wakili, waliokata bila kuua na kuchukua bila kumaliza. Malkia ana siku yake katika vitabu, na Jaji ana hukumu yake. Wapogoaji wana mashina, na kila majira ya baridi, majani yanapokwisha kuanguka, maandishi yao husomeka upya.