Taaluma iliyozaliwa na njaa ya kusoma

Miaka ya baada ya vita kuu ya pili, madaktari wengi wa vijijini Marekani walikuwa wamefungwa na kazi. Aliyetoka kwenda kwenye semina aliacha wagonjwa mlangoni bila wa kuwaangalia. Lakini katika mji mdogo wa Garland, jimbo la North Carolina, Dkt. Amos Johnson alisafiri, alihudhuria mikutano na kurudi na maarifa mapya, na huku nyuma kazi haikulala. Kliniki alimwachia Henry Lee Treadwell, ambaye watu walimwita Buddy.

Treadwell hakuwa na shahada ya udaktari. Alikuwa Mmarekani mweusi katika eneo la Kusini lililotawaliwa na ubaguzi wa rangi, na ujuzi wake wa tiba aliupata kwa Johnson, papo hapo kazini. Johnson alifika hadi kuwa rais wa chama cha kitaifa cha madaktari wa familia. Sidhani angefika huko bila Buddy, na ni haki jina la msaidizi huyo litajwe kila historia hii inaposimuliwa.

Aliyeling'amua jambo hilo ni Eugene Stead, mkuu wa idara ya tiba katika Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham. Yeye alitaka madaktari wa vijijini warudi darasani, maana dawa na vipimo vilikuwa vinabadilika haraka. Hawakuja, kwa kuwa hawakuwa na nafasi. Johnson alikuja. Stead akaona kwamba ili daktari apate muda wa kujiendeleza, lazima awepo mtu mwingine aliyefunzwa vizuri wa kubaki na wagonjwa.

Kwanza aliwaendea wauguzi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye na muuguzi Thelma Ingles walianzisha masomo ya juu ya uuguzi, lakini chombo cha ithibati cha wauguzi kikakataa kuyatambua. Ndipo Stead akawageukia vijana waliotoka jeshi la majini, ambao walikuwa wametibu askari wenzao kisha uraiani wakakosa kazi ya kulingana na ujuzi huo. Mwaka 1965 aliandikisha wanne. Watatu kati yao, Victor Germino, Kenneth Ferrell na Richard Scheele, walihitimu tarehe 6 Oktoba 1967, nao ndio wasaidizi wa kwanza wa madaktari waliotoka chuoni Marekani.

Kilichofuata kilikwenda mbio. Chama chao kiliundwa mwaka 1968, mtihani wa kitaifa ulianza 1973, na tume ya kuwathibitisha, NCCPA, ikaanzishwa katikati ya muongo huo. Leo mwenye cheti chake anatakiwa kukusanya saa 100 za mafunzo kila baada ya miaka miwili, na angalau 50 kati yake ziwe za kozi zilizoidhinishwa rasmi. Taaluma iliyobuniwa ili wengine wapate kusoma, nayo ikabeba wajibu wa kusoma maisha yote.

Swali ni saa hizo zijazwe nini. Dawa mpya, miongozo ya kisukari na usomaji wa picha za eksirei havina mjadala. Ila mwaka 1984 watafiti Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha uchunguzi wa mahojiano 74 kati ya madaktari na wagonjwa. Ni wagonjwa 17 tu walioachwa wamalize kueleza kilichowaleta. Waliokatizwa walikatizwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Matokeo hayo yaliwahusu madaktari, lakini kila anayekaa upande wa pili wa meza ya mgonjwa anapaswa kuyachukua kuwa yake. Ugonjwa mwingi hutambuliwa kwa maelezo, na maelezo yaliyokatwa katikati huzaa tiba ya kubahatisha.

Jibu lililokwenda mbali zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Rita Charon ni daktari wa magonjwa ya ndani aliyesomea pia fasihi hadi shahada ya uzamivu. Mwaka 1993 alianza kuwataka wanafunzi wake waandike, kando ya faili rasmi la hospitali, kumbukumbu ya pili kwa lugha ya kawaida: mgonjwa huyu anapitia nini, na mimi ninayemtibu ananigusa vipi. Kisha walisomeana kwa sauti. Mwaka 2000 mpango wake wa tiba ya masimulizi ulisimama rasmi, na mwaka 2009 Columbia ikafungua shahada ya uzamili katika fani hiyo. Jarida la wasaidizi wa madaktari, JAAPA, nalo limewapa wanachama nafasi ya kuchapisha visa vyao vya kazini karibu na makala za kitabibu. Nadhani hapo ndipo pahali pake hasa.

Msomaji wa kwetu anawajua watu wa aina hii. Tanzania ni matabibu na madaktari wasaidizi, Kenya ni maafisa wa kliniki, na kada hizi zina mizizi ya enzi za ukoloni, kabla Duke haijaandikisha mtu. Katika vituo vingi vya afya, hao ndio daktari pekee ambaye mwanakijiji atamwona. Wanaopanga mafunzo kazini ya kada hizi watenge saa za kujifunza kumsikiliza mgonjwa na kuandika kisa chake, na saa hizo zihesabiwe sawa na za malaria na shinikizo la damu.