Dhoruba za Jua: Kitale si Quebec

Mtakumbuka Mei 2024. Tarehe 10 dhoruba kali zaidi ya Jua tangu 2003 iliifikia Dunia. Jumapili tarehe 12 intaneti ikazorota nchini, na wa Kitale na Bungoma wakawa wanatazama simu tu. Ilikuwa rahisi kuunganisha mambo hayo mawili, lakini Jua lingekuwa limesingiziwa: nyaya za EASSy na Seacom zilikuwa zimeharibika chini ya bahari.

Basi Jua hutufanyia nini hasa? Turudi nyuma.

Septemba 1859 Mwingereza Richard Carrington aliona mwako juu ya Jua. Siku haijaisha, mitambo ya telegrafu Ulaya na Marekani ikaanza kutoa cheche. Machi 1989 Quebec, Kanada, ilikaa gizani saa tisa. Utabiri tulionao umejengwa juu ya matukio ya namna hii, ya nchi zilizo karibu na ncha za Dunia. Kipimo maarufu cha Kp, alichokibuni Mjerumani Julius Bartels, huhesabiwa kutoka vituo 13 vya sumaku. Afrika haina hata kimoja!

Sisi shida yetu iko juu, kwenye ionosfia. Enzi za redio ya masafa mafupi, Idhaa ya Kiswahili ya BBC (ilianza 1957) ilitufikia kwa wimbi lililogonga ionosfia na kurudi chini. Jua likitoa mwako mchana, tabaka la chini la ionosfia humeza mawimbi na redio hunyamaza, wakati mwingine saa nzima. Bila shaka betri zililaumiwa sana.

Leo wimbi linatoka kwa setilaiti za GPS na linapita katikati ya ionosfia hiyo hiyo. Ikweta ya sumaku haipiti Nanyuki kama ile ya ramani. Iko kaskazini, Ethiopia, na magharibi mwa Kenya tumo ndani ya ukanda wake. Jua likizama, tabaka la chini hufifia haraka, la juu huinuliwa, na mapovu yenye chembe chache za umeme hupanda. Wimbi likipita humo humetameta kama nyota, na kipokezi hupoteza setilaiti. Hali hii huzidi Machi na Aprili, halafu Septemba na Oktoba, hasa miaka ambayo Jua lina madoa mengi. Haihitaji dhoruba. Kp inaweza kuwa 1, kila kitu shwari huko Boulder, na mapovu yako juu ya Mlima Elgon. Dhoruba yenyewe mara nyingine huyazuia!

Ndiyo maana vipokezi vya hapa nyumbani vina thamani: vyuo vikuu vya Moi (Eldoret), Maseno na Nairobi viliwekewa. Hermanus, Afrika Kusini, kuna kituo cha utabiri kinachofanya kazi saa 24 tangu 2022. Vyombo kama ACE, kilichorushwa 1997, hukaa kilomita milioni 1.5 upande wa Jua na kutupa onyo la saa moja au chini ya hapo.

Kwa mwenzangu anayeandika programu ya kupima mashamba Trans Nzoia, ambako mita moja ya mpaka ni kesi ya miaka: usisome Kp pekee. Soma saa na mwezi. Vipimo vya kati ya saa moja na saa sita usiku viwekee alama virudiwe asubuhi. Na ukihifadhi muda kwa UTC, saa moja usiku yetu ni 16:00.